Mlango wa milisekunde kumi: historia ya kupunguza mwangaza wa umeme



Kila msimu wa TFC munajua vile inaendaga. Mwanafunzi mmoja wa elektroniki anakuja mbele ya juri na «nyumba yenye akili»: kadi ya Arduino, rele moja, telefone, na ampuli inayowaka mwenyewe akiwa amekaa ku kiti. Watu wanapiga makofi. Halafu profesa mmoja, yule asiyechekaga, anauliza: «Unaweza kuiwasha nusu?» Hapo kimya kinaingia.

Swali la nusu njo nataka tuliongelee leo. Kuwasha na kuzima ni kazi ya rele, na rele ni kitu cha zamani, mtoto wa sekondari anaweza kuifunga. Lakini kupunguza mwangaza wa ampuli inayokula volti 220 za mtandao ni jambo lingine kabisa. Watu walilihangaikia kwa zaidi ya miaka sabini kabla ya kupata jibu zuri, na jibu lenyewe lilianzia ku teatri za Ulaya na Marekani, likaingia mu nyumba za watu, likapita pia, mutashangaa, juu ya vichwa vya wakulima wa Katanga.

Tuanze na teatri. Mwaka 1817 kumbi kubwa za London kama Drury Lane na Covent Garden zilianza kutumia gesi. Gesi ilikuwa na hatari zake, moshi, joto, moto, lakini ilikuwa na tabia moja nzuri: fundi akifunga robinet kidogo, mwangaza unashuka kidogo. Usiku ukitakiwa jukwaani, usiku unakuja polepole. Watu wa teatri wakazoea. Ndipo mwaka 1881 Richard D'Oyly Carte akafungua Savoy Theatre, jengo la kwanza la watu wote duniani lililoangazwa lote kwa umeme, na ampuli karibu 1,200 za Joseph Swan. Watazamaji walikuwa wanaogopa. Basi D'Oyly Carte mwenyewe akasimama jukwaani na ampuli inayowaka, akaivunja mbele yao, ili waone kwamba haileti moto. Reklamu nzuri kabisa. Lakini mafundi wa jukwaa walibaki na swali lile lile la profesa wetu: na nusu, tutaipataje?

Jibu la kwanza lilikuwa la nguvu tu. Ukiweka kizuizi mu njia ya umeme, kitu kinachokula sehemu yake, ampuli itapata kidogo. Kizuizi cha bei ndogo kilikuwa maji ya chumvi: chombo, vipande viwili vya chuma ndani, kimoja kinapandishwa na kushushwa kwa kamba. Vikikaribiana, umeme unapita mwingi. Vikiachana, mwangaza unafifia. Maji yanapata moto, mara yanachemka, na fundi anasimama pale na jasho anaongeza maji na chumvi. Wengine wakatumia nyaya za chuma zilizozungushwa, rezistansi kubwa kubwa zenye mkono wa kusogeza. Fizikia ni ile ile: ule umeme usiotaka kwenye ampuli unauchoma kama joto mahali pengine, na unaulipia pia. Teatri iliyojaa mapazia na mbao, halafu nyuma ya jukwaa kuna ukuta wa nyaya zinazowaka moto: ajali hazikukosa.

Kati ya walioshughulikia hatari hiyo kuna mtu ambaye vitabu vyetu vya shule havikumtaja: Granville Woods, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1856 kule Ohio, mwenye hati za uvumbuzi makumi, nyingi juu ya reli na tramu za umeme. Mu miaka ya 1890 alibuni kifaa cha kupunguza mwangaza wa teatri bila kuleta hatari ya moto. Edison tunamjua sote. Woods ni vizuri mumtafute.

Mu miaka ya 1930 ikaja transfoma yenye mkono wa kuzungusha, ile ambayo mafundi wa laboratwari wanaiita Variac mpaka leo. Hii haikuchoma umeme bure. Ilibadilisha volti zenyewe. Kazi yake ilikuwa safi sana. Shida, ilikuwa shaba tupu na chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Kwa taa za jukwaa zima ungehitaji chumba kizima cha transfoma na wanaume wa kuzungusha. Nani ataweka kitu hicho mu ukuta wa saluni yake?

Fikra mpya ilikuwa hii: usiule umeme, usibadilishe volti, ila ufungue na kufunga mlango kwa haraka sana. Tusimame kidogo hapa, juu bila kuelewa sehemu hii, mengine yote ni kukopi kodi.

Umeme wa mtandao wetu hautiririki upande mmoja kama maji ya Lualaba. Unakwenda na kurudi, mara 50 kwa sekunde. Kila safari moja, kwenda au kurudi, ni nusu-wimbi. Kwa sekunde moja kuna nusu-wimbi 100, na kila moja inadumu milisekunde 10. Inaanza kwenye sifuri, inapanda mpaka kilele, inashuka tena mpaka sifuri. Sasa, uzi wa ampuli ya zamani ni chuma chenye moto. Haupoi ndani ya milisekunde chache. Ukiunyima umeme mwanzoni mwa kila nusu-wimbi, halafu ukafungua mlango katikati, uzi utapata nusu ya nguvu, na jicho halitaona kukatika kokote. Kile usichotaka hukichomi wala hukilipii. Unakiacha tu kipite mlango ukiwa umefungwa.

Mlango wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa taa ya gesi iliyofungwa mu kioo, thyratron, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki la mlango. Mwaka 1947 George Izenour, kule Chuo Kikuu cha Yale, alitengeneza mfumo wa taa za teatri uliotumia vioo hivyo. Fundi mmoja, akikaa kwenye meza moja na viwashio vidogo, aliweza kuendesha taa za jukwaa zima. Vioo vilikuwa vikubwa, vilitaka kupashwa moto kwanza, na vilikufa. Lakini fikra ilikuwa imethibitishwa.

Kisha mwaka 1957 wahandisi wa General Electric kule Marekani wakatoa mlango huo katika kipande cha silikoni. Jina lake la baadaye, tiristori, ni thyratron na transistori zikiunganishwa. Tabia yake ni ya ajabu kidogo. Unaigusa na umeme mdogo, inafunguka. Ukiondoa mkono, inabaki wazi. Huwezi kuiamuru ifunge. Inajifunga yenyewe tu wakati umeme unaopita ndani yake umefika sifuri. Kwa kazi nyingine hiyo ingekuwa kasoro. Kwa umeme unaokwenda na kurudi ni zawadi, juu sifuri inakuja yenyewe mara 100 kwa sekunde.

Mwaka 1959 kijana mmoja wa New York, Joel Spira, alianza kuchezea kitu hicho kipya mu apatimenti yake. Aliona kwamba mlango mdogo hivyo, usiotoa joto jingi, unaweza kuingia mu lile tundu la ukutani ambamo kiwashio cha kawaida kinakaa. Mwaka 1961 yeye na mkewe Ruth wakaanzisha kampuni ya Lutron, na variateri ya taa ikatoka teatri ikaingia nyumbani. Uzuri mwingine: mtu hakuhitaji kubomoa ukuta wala kupitisha nyaya mpya. Baadaye kidogo ikaja triaki, ambayo ni kama tiristori mbili zilizogeuziana mgongo, ili mlango mmoja utumike kwa kwenda na kwa kurudi. Ukifungua variateri yoyote ya kizamani mu soko la Lubumbashi au Bukavu, utakuta triaki moja, rezistansi ya kuzungusha, kondensateri, na bobini. Ile bobini ni ya kuwaonea huruma majirani: kukata wimbi ghafla kunatoa kelele za redio, na bila bobini mzee wa nyumba ya pili atasikiliza habari zake zikinguruma.

Sasa tufike kwetu. Wakati Wamarekani wanaweka tiristori ukutani, wahandisi wengine walikuwa wanazipanga nyingi nyingi mfululizo ili zibebe volti laki nyingi. Inga ya kwanza ilianza mwaka 1972, megawati 351. Inga ya pili mwaka 1982, megawati 1,424. Umeme ulitakiwa ku Katanga, wakati ule Shaba, kwenye migodi ya shaba na kobalti. Umbali ni kilomita kama 1,700. Kwa umbali huo umeme wa kwenda na kurudi unaleta shida nyingi, njo maana walichagua kuugeuza kule Inga uwe wa upande mmoja, kuusafirisha kwa kilovolti 500 juu na chini ya sifuri, halafu kuurudisha kuwa wa kawaida kule Kolwezi. Laini hiyo ilikamilika mwaka 1982, ikapangwa kubeba megawati 560, na kwa miaka mingi ilikuwa ndefu kuliko zote duniani za aina yake.

Kitu gani kinageuza umeme pale Kolwezi? Tiristori. Na zinaamuriwaje? Kwa kuchagua, ndani ya kila wimbi, ni wakati gani mlango ufunguke. Ukichelewesha kufungua, nguvu inapungua, ukiwahisha, inaongezeka. Ni hesabu ya familia moja na ile ya variateri ya saluni, isipokuwa ampuli hapa ni kiwanda cha kusafisha shaba. Mwanafunzi anayeelewa namna triaki ya dola moja inavyopunguza taa ameshika mkia wa kile kinacholisha Kolwezi.

Kuna jambo lingine ambalo haliwezi kupitwa. Laini inavuka mikoa mizima, na vijiji vilivyo chini yake vinalala gizani. Umeme wa upande mmoja wenye volti nyingi hivyo huwezi kuuchota njiani na transfoma, kama vile ungefanya kwenye laini ya kawaida. Unahitaji kituo kizima cha kugeuza, na kituo ni feza nyingi. Waandishi wengi wamesema pia kwamba Mobutu alitaka migodi ya Shaba itegemee mkono wa Kinshasa. Mimi nadhani sababu zote mbili zilikaa meza moja. Tiristori haina kosa. Mlango unafunguka pale mtu alipouweka.

Turudi mu nyumba. Variateri ya Spira ilihitaji mkono wa mtu kuizungusha. Mkono huo ulianza kuondolewa mwaka 1975 mu mji wa Glenrothes, Scotland, ku kampuni ndogo iliyoitwa Pico Electronics. Walikuwa watu wa kutengeneza chipu za kalkuleta. Mradi wao wa kumi, X10, ulitaka kuamuru taa za nyumba bila kuongeza waya. Wakapitisha amri ndani ya nyaya zile zile za umeme: mlio mfupi wa kilohezi 120, wa milisekunde moja, unaotumwa wakati wimbi linapita kwenye sifuri. Mlio upo, ni moja. Haupo, ni sifuri. Walichagua wakati huo kwa sababu njo nyaya zinakuwa na utulivu zaidi. Munaona sasa: variateri inaanza kuhesabu kwenye sifuri, tiristori inajifunga kwenye sifuri, amri nayo inasafiri kwenye sifuri. X10 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1978, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida alishusha taa ya saluni akiwa kitandani.

Kitu kilichobaki kilikuwa bei ya akili yenyewe. Mikrokontrola, yaani kompyuta nzima mu chipu moja, zilikuwepo tangu miaka ya 1970, ila kuziandikia programu kulitaka vifaa vya bei na ujuzi wa pekee. Mwaka 2005 walimu wa Ivrea, kule Italia, wakatoa Arduino kwa ajili ya wanafunzi wao wa sanaa na ubunifu, watu ambao hata si wahandisi. Kadi ya Uno inapiga hatua milioni 16 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya nusu-wimbi moja ina hatua 160,000. Muda wa kufikiri iko nao mwingi kabisa.

Bon, kwa nini basi miradi mingi inakwama kwenye nusu?

Sababu ya kwanza ni kwamba kodi nyingi tunazokopi ziliandikwa kwa nchi nyingine. Marekani umeme unakwenda na kurudi mara 60, kwa hiyo nusu-wimbi yao ni milisekunde 8.33. Nusu yao ni kusubiri milisekunde 4.17 kabla ya kufungua. Ukileta kodi hiyo kwetu bila kugusa kitu, umeomba nusu lakini ampuli inapata karibu theluthi mbili. Hiyo ni kosa dogo. Kubwa linakuja wakati wa delestaji, umeme unapokuwa wa grupu. Grupu ndogo haishiki hezi 50 sawasawa. Tuseme imepanda mpaka 55: nusu-wimbi inakuwa milisekunde 9.09. Programu yako, ikitaka taa iwe karibu kuzimika, inasubiri milisekunde 9.5. Lakini wimbi lilishaisha! Mlango unafunguka mwanzoni mwa wimbi linalofuata, na ampuli inawaka yote. Umeomba giza, umepewa jua. Dawa ni programu ipime yenyewe, kila wakati, muda kati ya sifuri na sifuri, halafu isubiri sehemu ya muda huo, si namba ya milisekunde iliyoandikwa mapema. Mistari mitano hivi ya kodi.

Ya pili iko mu duka. Kati ya mikrokontrola na triaki tunaweka optokupla, kipande chenye LED ndogo upande mmoja na kinachoona mwanga upande wa pili, ili volti 220 zisikutane na telefone ya mtu. MOC3021 inafungua mara tu unapoiambia. MOC3041 inafanana nayo kwa sura, lakini ndani yake imetengenezwa ingojee sifuri kwanza. Ya pili ni nzuri kwa kuwasha na kuzima; kwa nusu haiwezi kamwe. Rele nyingi za elektroniki sokoni nazo ni za kungojea sifuri. Mwanafunzi anabadilisha kodi wiki mbili, kumbe kodi haikuwa na kosa.

Ya tatu ni hesabu. Watu wanadhani ukisubiri robo ya nusu-wimbi umepunguza robo ya nguvu. Hapana. Wimbi mwanzoni ni dogo. Ukikata milisekunde 2.5 za kwanza, umeondoa asilimia 9 tu. Ukikata 5, umeondoa nusu kamili. Ukikata 7.5, imebaki asilimia 9. Ongeza kwamba jicho letu nalo halihesabu kwa mstari ulionyooka. Ukiweka kitufe cha kuteleza kwenye telefone bila jedwali la kurekebisha, sehemu ya mwanzo haifanyi kitu, halafu katikati taa inaanguka ghafla.

Na kuna hii, ambayo si ya kuchekea. Kile kibati cha mgongo wa triaki BT136 kimeunganishwa na njia ya umeme. Ukikifunga kwenye kipoza joto cha aluminiamu, kipoza joto chote kiko na volti za mtandao, na kinaonekana kama chuma cha bure. Triaki za aina ya BTA zina kibati kilichotengwa; tofauti ya bei ni ndogo. Upande wa sifuri nao uutenge kwa optokupla, usiunganishe waya wa mtandao na kadi kupitia rezistansi tupu hata kama video imeonyesha hivyo. Kadi ikiwa imeunganishwa na kompyuta, na kompyuta iko mapajani mwako, hakuna mlango tena kati yako na mtandao. Majaribio ya kwanza fanya na transfoma ndogo ya volti 12. Wimbi ni lile lile, na haliui.

Mwisho, ampuli zenyewe zimebadilika. LED ya leo haina uzi wa moto. Ndani yake kuna saketi inayogeuza 220 kuwa umeme wa upande mmoja, na saketi hiyo ikikatiwa wimbi inachanganyikiwa: taa inatetemeka, inalia, au inakufa mapema. Zile zinazovumilia zimeandikwa kwenye karatoni kwamba zinakubali kupunguzwa. Hata hizo, nyingi zinapendelea mlango ufunguke mwanzoni na ufungwe katikati, kinyume cha triaki, na kwa hiyo wanatumia transistori, ambayo inakubali kufungwa wakati wowote.

Na mu nyumba nyingi za kartie zetu, taa za usiku haziko tena kwenye mtandao. Ziko kwenye paneli ya jua na betri ya volti 12. Huko hakuna wimbi, hakuna sifuri ya kungojea: ukiwa na taa za LED za volti 12 zisizo na saketi ya kugeuza ndani, transistori moja inafungua na kufunga mara mia kadhaa kwa sekunde, na programu inaamua tu ibaki wazi kwa sehemu gani ya muda. Volti 12 hazitamuua mtu, ila weka fiuzi karibu na betri, juu betri ikigusana waya kwa waya inaweza kuwasha nyumba. Kama TFC yako ni ya taa, na nyumbani kwenu muna paneli, jaribu kwanza hapo. Swali la nusu litajibiwa siku hiyo hiyo, na mama atapata taa ndogo ya kulalisha mtoto.